Yesu Mwekundu wa Hewa Bora

Nianze na udongo. Nyuma ya lupango letu, kiwanja chetu hapa mtaani Hewa Bora, kulikuwa na kichuguu ambacho wafyatua matofali walishakula nusu yake, na nusu iliyobaki ilikuwa mali ya watoto wangu. Kila Desemba, mvua ikishakilainisha, tulichimba ndoo moja, tukakaa mbele ya mlango na kufinyanga pango la Noeli. Mimi sikuwahi kununua pango. Hata nyota sikununua: ni waya na karatasi ya kung'aa ya ndani ya paketi za chai, tulizoweka mwaka mzima juu ya kabati. Maria wetu ana shingo fupi. Ng'ombe wetu ana miguu mitatu mpaka leo, na ukimtazama haraka utasema ni mbwa.

Yesu alifinyangwa na binti yangu wa kwanza alipokuwa na miaka minne. Kichwa kikubwa kama kiazi, mikono hana, na tumboni kuna alama ya kidole gumba cha mwenye kumfinyanga. Tulimchoma ndani ya mbabula, jiko letu la mkaa, chini ya makala, maharage yaliposhaiva, akatoka mweusi upande mmoja na mwekundu upande mwingine. Basi, akawa Yesu wetu. Hakuna aliyethubutu kufinyanga mwingine.

Sasa bwana yangu. Anafanya kazi ya makaratasi ya malori kwenye duane, forodha ya mpakani Kasumbalesa. Anaondoka Jumatatu, anarudi Jumamosi, foleni ikiruhusu. Mara nyingi foleni hairuhusu, na wiki moja inageuka mbili, tatu. Alipanga chumba kule kwa bibi kizee mjane, asiye na mtoto wala mjukuu. Hayo alinieleza yeye mwenyewe, nami nikamhurumia yule bibi, nikawa namtumia sombe kavu, kisamvu cha kwangu.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kila alipoondoka na treni kwenda kaskazini, mama alimtia mfukoni kijiko cha nyumbani, ili akila huko akumbuke sahani yake iko wapi. Kutoka hapo ndipo nilipopata akili yangu, akili ninayoilaani leo. Mwaka ule wa kwanza, tulipokuwa tunafunga pango kwenye kartoni baada ya sikukuu ya Mamajusi, nilimwambia binti yangu asimfunge Yesu pamoja na wengine. Nilimwambia amtie mfukoni mwa papa, baba yake. Akapanda kwenye kiti, akamtumbukiza ndani ya mfuko wa shati, akaupigapiga kwa kiganja. "Papa, utamurudisha ku Noeli."

Ikawa desturi yetu. Mwaka mzima Yesu alikaa Kasumbalesa na baba yao. Siku ya Noeli, tukitoka misani, hori lilikuwa tupu mpaka papa amlaze humo kwa mkono wake. Hapo ndipo tuliimba, hapo ndipo kisu kiliingia kwenye gato, keki yetu. Papa akichelewa, hakuna gato, hata mtoto alie. Na kwenye simu, kabla ya kumsalimia baba yake, binti yangu aliuliza, "Yesu iko wapi?" Naye alijibu, "Iko hapa mu mufuko, mama. Usiku analala chini ya muto."

Na mimi nilivyojigamba! Yo! Kule kwaya, wamama wenzangu walipolalamika kwamba waume wao wakivuka Kasumbalesa wanasahau hata rangi ya mlango wao, niliwakatiza. "Mie wa kwangu anatembea na Yesu mu mufuko." Walicheka. Baadhi yao, sasa naelewa, walicheka kwa sababu nyingine.

Mwaka wa tano wa desturi hiyo alifika Noeli yenyewe asubuhi, viatu vimejaa tope, ana nanasi mkononi na biskuti za Zambia. Mimi nilikuwa nimeamka mapema kuoka gato ndani ya sufuria, makala chini na makala juu ya mfuniko, mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Kuku alikuwa tayari, wali tayari. Watoto watatu walijipanga mbele ya pango kwa nguo zao mpya: binti yangu, wakati huo ana tisa, mdogo wake wa sita, na kitinda mimba wangu wa minne.

"Papa, lete."

Akatia mkono mfukoni kwa madaha. Akatoa Yesu wa plastiki, mweupe, nywele za njano, mashavu ya waridi. Akamlaza kwenye hori. Hakuenea. Miguu ilitokeza nje na kumsukuma Yosefu, maana mtoto yule alikuwa mkubwa kuliko mama yake.

Kitinda mimba alicheka. Binti yangu hakucheka. "Papa, hii haiko ya kwetu."

"Ya kwetu ilivunjika, mama. Angalia hii vile iko muzuri."

"Basi lete bipande. Tutabandika."

"Bipande bilibakia kule."

Nilimwona anajifuta shingo. Dakika chache kabla, jikoni, nilipomuuliza kama amemleta, alikuwa ameniambia amemsahau chumbani, ila amepata mwingine mzuri zaidi. Sasa amevunjika. Nikajiambia, bon, mwanamume amepoteza kitu cha mtoto na anaona haya. Jambo dogo. Nikawaita mezani.

Lakini binti yangu ni damu yangu, haachi kitu. Hakugusa kuku. Wengine wanakula, yeye anauliza: alivunjika wapi? Kichwa au tumbo? Nani alimwangusha? Kwa nini hukukusanya vipande? Baba yake alijibu mara mbili, mara ya tatu akakasirika, mdomo umejaa wali, na hasira ikalitoa lile alilolificha.

"Haikuvunjika! Nilitaka kuibeba, mutoto akalia, nikamuachia. Bon! Weye uko mukubwa, usilie."

"Mutoto gani, papa?"

Niliuliza hivyo hivyo moyoni, neno kwa neno, lakini aliyelisema ni mtoto. Bwana yangu alimeza. "Mutoto wa mwenye nyumba," akasema, na akaomba maji.

Nilimpa maji. Nikaongeza watoto wali. Nikakata gato bila wimbo, na hakuna aliyenikumbusha wimbo. Mikono yangu ilifanya kazi yake yote kama kawaida. Mwenye nyumba. Yule mjane asiye na mtoto wala mjukuu. Sombe yangu kavu ilikuwa inaingia chungu cha nani?

Watoto walipotoka kuonyesha nguo zao kwa majirani, nilimfuata kwenye bomba, alikokwenda kuosha viatu. Sikupiga kelele. Niliuliza jambo moja tu.

"Iko na myaka ngapi?"

Hakujifanya haelewi. Angalau hilo. Aliendelea kusugua tope. "Tatu," akasema.

Mitatu. Wa kwangu wa mwisho ana minne. Nilihesabu nikiwa nimesimama pale, maji yanatiririkia miguu yangu. Wakati nilipokuwa nanyonyesha usiku na mchana, na yeye ananiambia foleni ya malori imefika mpaka kilomita sijui ngapi, kule mwanamke alikuwa anachukua mimba yake. Kila mara binti yangu alipouliza Yesu yuko wapi, labda mtoto mwingine alikuwa amemkamata palepale, anasikia sauti yetu kwenye simu.

Alinisaliti. Sitafuti neno laini. Na kuna walionisaliti pamoja naye, kwa sababu madereva wanaopita hapa mtaani walijua, na wake wa madereva walijua, na nikiwa kwaya najigamba walinitazama tu. Lakini kinachoniuma mpaka leo ni ile kazi niliyoifanya mimi mwenyewe. Mimi ndiye niliyebuni desturi. Nilichukua kitu kizuri kuliko vyote alivyotengeneza mtoto wangu, nikamfungia mwanamume apeleke kwa mke mwenzangu.

Watu wataniuliza kwa nini sikumfukuza. Wanifukuzie wao, halafu wanisomeshee watoto. Nilimwambia jambo moja. "Usirudie hapa bila ule."

Aliondoka baada ya siku mbili. Binti yangu alimtoa yule wa plastiki, akampa kitinda mimba amchezee majini. Hori likabaki tupu wiki nzima na zaidi, nyota ya karatasi juu yake, ng'ombe wa miguu mitatu analinda majani makavu.

Alirudi Jumapili ya Mamajusi, mchana. Hakuingia ndani kwanza. Aliniita pembeni ya nyumba, akatoa kitu kutoka mfukoni na kuniwekea mkononi. Nilimtambua kabla ya kumtazama, kwa uzito wake na kwa lile shimo dogo la kidole gumba.

Alikuwa amevishwa. Kipande cha kitenge cha kijani kilimzunguka kiunoni kama nepi, na ukingo wake ulikuwa umeshonwa kwa sindano, mishono midogo, sawasawa. Mshono wa mwanamke mwenye subira. Na usoni, mahali ambapo binti yangu hakuwahi kuweka chochote, kulikuwa na macho mawili ya kalamu ya bic ya buluu, moja kubwa, moja dogo. Kichwa kilikuwa kimelainika kama sabuni iliyotumika. Udongo haulainiki hivyo mtoto asipolala nao kila siku.

"Ule mutoto ulimuambia nini?" nikauliza.

"Nilimuambia ati ilipotea."

Kwa hiyo alingoja mtoto wa miaka mitatu asinzie, akamnyang'anya, kisha akamdanganya alipoamka. Na yule mama wa mishono sijui aliambiwa nini. Nikajua kwamba mtu huyu hana nyumba mbili, ana nyumba mbili za kudanganya. Na nilijua pia kwamba nilipaswa kumrudishia Yesu palepale na kumwambia, peleka, nenda kampe mtoto wa watu kitu chake. Maneno yalinifika mdomoni. Sikuyasema. Nilimtaka yule Yesu. Nilimtaka hata kama mtoto mwingine angelia mpaka sauti imkauke, na siku ile, Mungu anisamehe, nilitamani alie.

Nikafungua kile kitenge, nikakitupa kwenye mbabula. Nikaenda bombani na sabuni na majani ya kusugulia, nikasugua macho yale. Bic imeingia ndani ya udongo. Nilisugua mpaka vidole vikaniuma, buluu ikafifia kidogo tu, na lile jicho kubwa likabaki linanitazama.

Nikaingia ndani naye. Binti yangu alikuwa sebuleni, anawapanga Mamajusi.

"Ni ule!" akapiga kelele. "Papa alimuleta! Ni ule wa kwetu!"

Akampokea kwa mikono miwili, akamnusa, akatia gumba lake kwenye alama ya tumboni. Sasa gumba halienei tena, limekua. Kisha akamgeuza usoni.

"Mama, nani alimutia macho?"

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Sikugeuka kumtazama.

"Papa yako," nikasema.

Binti yangu alitabasamu, akamlaza kwenye hori na kumfunika majani mpaka kidevuni. "Papa anajua kuchora," akasema. Nikamjibu ndiyo, anajua.