Ulimi wangu wa chumvi nusura umuue mtoto wa farasi

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Mimi ni bibi wa miaka themanini na ushei, niko huku Moa, Tanga, karibu na mpaka. Akaunti kanifungulia mjukuu wangu, lakini kuandika naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo herufi ikiruka mnisamehe. Shule yangu iliishia darasa la nne.

Nimeambiwa humu stori ya uongo mnaiita chai. Hii yangu chumvi inayo, tena nyingi, ila ni ya baharini. Yalinikuta mimi mwenyewe.

Kilichonisukuma ni uzi wa juzi wa kijana aliyeuliza mbuzi wake anahara afanyeje. Komenti tatu za mwanzo zote zikamwambia amnyime maji mpaka akauke. Roho iliniuma. Nikasema hapana, hili siendi nalo kaburini.

Sasa twende.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Bwana Seif. Asili yao Oman, ila yeye na baba yake wote wamezaliwa hapa hapa. Walikuwa na minazi na hayo mashamba ya chumvi.

Kwa wasiojua: maji ya bahari mnayaingiza kwenye mabwawa ya kina kifupi, jua linayala siku baada ya siku, mwisho inabaki chumvi mnaikwangua. Wenzangu walikuwa wanakwangua. Mimi kazi yangu hasa ilikuwa kuonja. Nachovya kidole, naweka ulimini, nasema "haya yameiva, yahamisheni" au "bado siku mbili". Sikuwa nakosea. Nilijisifu, wakuu, nisiwafiche. Nikipita nilikuwa natembea kama vile bahari ni ya babangu.

Na nilikuwa na ndoto nyingi kuliko akili. Jua la saa sita linaniwaka utosini, mimi najiona nimepanda farasi naingia Mombasa, watu wanapisha njia. Nikifika huko nafanya nini? Hilo sikuwahi kulifikiria.

Farasi kwetu alikuwa kitu cha ajabu. Pwani mbung'o na maradhi huwamaliza. Lakini Bwana Seif alimnunua jike mmoja kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Akamwita Lulu. Kumbe Lulu alikuja na mimba.

Akazaa. Dume, miguu mirefu kama fito za kujengea, mdomo laini kama hariri. Bwana Seif alikataa kumpa jina mpaka atimize mwezi. Mimi kimoyomoyo nikamwita Hariri. Kila nikitoka kazini nilipitia zizini kumkuna shingo, naye alinifuata mpaka mlangoni.

Siku ya tisa akaanza kuhara. Maji matupu. Siku ya kumi hakunyanyuka.

Bwana Seif akaamuru afungwe kinywa kwa kitambaa asinyonye wala asinywe, ili tumbo likauke. Msimlaumu. Hata sisi watoto tukiharisha tulinyimwa maji, ndivyo watu walivyojua. Lakini vilevile alimpa dereva wa lori la chumvi barua ya kumwita bwana mifugo wa serikali, Tanga mjini. Kesho yake asubuhi lori likarudi naye.

Aliitwa Bwana Elieza. Msambaa, Mlutheri, mpole, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata. Nikamwamkia shikamoo, akaitika huku ameshapiga magoti kwenye majani ya zizi.

Kitu cha kwanza alifungua kile kitambaa.

Kisha akafinya ngozi ya shingo akaiachia. Ikabaki imesimama kama kunjo la kanga. "Umeona?" akaniambia. "Angekuwa na maji mwilini ingerudi hapo hapo." Akanigusisha ufizi, mkavu, unanata. Masikio ya baridi. Macho yamezama ndani.

Alikuwa na chupa moja tu ya dripu, ya kioo. Akaitundika kwenye boriti, akamchoma kwenye mshipa wa shingo. Mimi nilikodolea yale matone mpaka nikasahau kazi.

Bwana Seif akamjia juu.

"Bwana Elieza, maji yanamtoka, wewe unamwongeza maji? Mtumbwi ukivuja unautia maji?"

"Mtumbwi hauna damu, Bwana. Huyu damu yake inakauka."

Kisha akaeleza, na maneno yale nimeyashika hadi leo. Anayehara hauawi na ule uchafu. Anauawa na maji na chumvi vinavyotoka pamoja nao. Ukimrudishia maji peke yake hayakai. Ukimrudishia maji na chumvi kidogo na sukari kidogo, yanakaa.

Nikauliza kwa nini. Kwa nini sukari? Chumvi si inakausha, si ndiyo tunakaushia samaki? Inajuaje pa kwenda? Akacheka. "Binti, umekuja kutibu au kunihoji?"

Lori lilikuwa linarudi mjini, na huko ng'ombe wa watu wanamsubiri. Akatuachia maagizo. Maji yachemshwe, yapoe. Sukari atakadiria Bi Zuweina, mke wa Bwana Seif. Anyonyeshwe kwa chupa yenye chuchu ya mpira, kidogo kidogo kila saa, akiwa ameinuliwa kichwa, asilazimishwe yasije yakaingia mapafuni. Akipata nguvu arudi kwa mama yake.

Chumvi je? Akaokota punje za chumvi yetu, akazigeuza kiganjani. Zilikuwa mawe mawe, moja kubwa kama punje ya mahindi, nyingine unga. Akasema kwa chumvi hii kijiko hakiaminiki. "Onjeni. Iwe kama chozi. Ikizidi chozi, mwageni."

Bi Zuweina akanigeukia. "Mwanahawa, hii si ndiyo kazi yako?"

Wakuu, nilijibu "ndiyo" kwa sauti ya mtu aliyeitwa na mfalme.

Nikatia chumvi. Nikaonja. Hakuna kitu, maji matupu. Nikaongeza. Naona bado. Nikaongeza tena mpaka nikaisikia kwa mbali, nikasema naam, hili ndilo chozi.

Chupa ya kwanza Hariri alinyonya kwa pupa. Nikafurahi, nikamwimbia. Ya pili akanyonya. Ya tatu akaanza kugeuza kichwa. Adhuhuri ikapita, kuhara kukazidi, kukawa kama bomba limepasuka. Akawa anahema haraka, ulimi unalambalamba hewa. Ngozi ya shingo nikiifinya hairudi kabisa.

Bwana Seif alikuja kusimama mlangoni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Basi," akasema. "Nilisema. Asubuhi alikuwa anahara, sasa anayeyuka. Mfungeni kinywa, hakuna kumpa kitu tena. Akifa, afe kwa amri ya Mungu, si kwa chupa."

Akashika kile kitambaa.

Hapo nilisahau adabu zote. Nikamshika Bi Zuweina mkono. "Bi, mwambie angoje! Nimefanya vile vile nilivyoambiwa. Onja mwenyewe, ni chozi tupu!"

Nikamtilia kiganjani. Bi Zuweina akaonja.

Akatema, wakuu. Akatema mpaka kwenye kwato za Lulu.

"Astaghfirullah! Chozi la nani hili, la nyangumi? We mwana, hii bahari!"

"Mbona mimi siisikii?"

Akanitazama kwanza kwa hasira, halafu hasira ikaondoka. "Toka lini unaonja maji ya mabwawa?"

Nikamwambia, miaka minne, kila siku.

"Basi ulimi wako umekufa ganzi, maskini. Chumvi kali ya mabwawa unaipima, hii ndogo huisikii tena."

Nikalia. Ile aibu, na yule mnyama amelala pale anahema kwa mkono wangu mimi niliyempenda kuliko wote. Nililia makamasi yote.

Bi Zuweina, Mungu amrehemu, akafanya kitu ambacho sijawahi kuona mtu mwingine akikifanya. Akanifuta shavu kwa kidole, akakiweka ulimini mwake. Akafikiri kidogo. Akaniambia, "Usiache kwanza," akaenda kuchukua chungu cha maji yaliyopoa.

Akatia punje, akakoroga, akaonja, akarudi shavuni kwangu, akaonja tena. Kama mpishi anayelinganisha mchuzi. Mpaka akasema, "Sawasawa."

Akanipa na mimi. Kwangu yalikuwa maji ya kisima. Ndipo akatia sukari yake.

Nikajaribu kuonja chozi langu mwenyewe. Nalo nilikuta halina ladha. Sikuwahi kujua.

Bi Zuweina akamgeukia mumewe. "Seif, dawa haikuwa mbaya. Tulimnywesha bahari. Nipe mpaka Magharibi. Likizama jua hali ni hii, kitambaa hicho nitakifunga mimi."

Akakubali. Akakaa papo hapo kwenye ndoo iliyofudikizwa, ameshika kitambaa chake, anatuangalia.

Mwanzo Bi Zuweina alimpa hayo mapya yakiwa yameongezwa maji mengi, mafunda machache tu, kisha yale ya sawasawa. Mimi nilipewa kazi ya kushika kichwa na kufinya ngozi. Nikafinya mpaka nikaogopa nitamwachia alama. Hairudi. Hairudi. Alasiri ikaingia. Inarudi polepole, kama mtu anayekaa kitini na kiuno kinamuuma. Halafu sikio likaanza kupata joto mkononi mwangu.

Jua likiwa bado lipo, Hariri akajikokota, akapanua miguu ile ya fito, akakojoa. Mkojo wenyewe mdogo, wa njano, akanikojolea mguu wangu wa kulia.

"Alhamdulillah!" Bwana Seif akaruka, ndoo kule, kitambaa kule. Mtu mzima mwenye ndevu anashangilia mkojo!

Bi Zuweina akashika zamu ya usiku. Mimi nililala kama gogo. Asubuhi nikamkuta Hariri yuko chini ya mama yake, ananyonya na kupiga mkia.

Siku ya tatu Bwana Elieza akarudi na lori. Nikamwambia yote, bila kujificha nyuma ya mtu. Nilitegemea matusi. Akatoa daftari lake akaandika. Akaniambia, "Kosa ni langu pia, sikukuuliza unaonja nini kila siku." Tangu hapo kila alikokwenda alikuwa na kijiko chake na chumvi yake iliyosagwa. Aliniambia mwenyewe.

Hariri alipofika miaka miwili Bwana Seif alimpeleka Usambara kwa rafiki yake, kwenye baridi, kumwepusha na mbung'o. Niliwahi kumpanda mara moja kabla hajaondoka. Hatukufika Mombasa. Tulifika kwenye kisima, akanimwaga.

Kwa hiyo nilichojifunza mimi: mnyama au mtoto akihara, usimnyime maji. Chumvi ipimwe kwa kipimo, na siku hizi kuna pakiti tayari dukani, hamna udhuru. Na mwite mtu wa mifugo mapema. Lingine ni hili: kitu ulichokizoea sana, kabla hujakiamulia, mpe mtu mwingine aonje. Mimi nilikuwa fundi wa chumvi wa Moa nzima, na mtu pekee pale zizini asiyeweza kuijua chumvi alikuwa mimi.

Kuna jambo moja bado linaniwasha. Lile swali langu kwa Bwana Elieza hakulijibu mpaka mwisho. Sukari inafanya nini pale? Chumvi inayomkausha papa, inawezaje kuyashika maji yasitoke tumboni? Kama humu kuna daktari, wa watu au wa wanyama, naomba anieleze taratibu, kama unavyomweleza mtu wa darasa la nne. Na yule kijana wa mbuzi, rudi utuambie anaendeleaje. Nakaa hapa na simu yangu, nasoma kila komenti.