Ringi Huachiwa Nafasi

Nakumbuka, mwanangu, mwaka ule kisiwa cha Anzuani kilipojitenga na Komoro. Nilikuwa mke kijana hapa Moroni, na mume wangu Saidi, fundi wa magari, alikuwa mtu wa Mutsamudu, huko huko Anzuani. Unajua kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume huingia na sanduku lake tu. Saidi hata hodi alikuwa akipiga kila jioni, kama mgeni, nami nilipenda hivyo.

Baba yake aliugua kule, Saidi akataka kwenda kumwona. Nikakataa. Redioni ilikuwa ugomvi wa Anzuani na Ngazija, kisiwa chetu hiki, kutwa kucha, nami niliogopa kwamba akivuka harudi. Nikakifungia kitambulisho chake kabatini. Hakugombana, alipunguza kula tu.

Siku hizo alikuwa akitengeneza gari kuukuu la mjomba wangu, nje ya mtaa wetu wa Badjanani, maana vichochoro vile gari haliingii. Injini ya zamani ile ilikunywa oili kama maji, na moshi wake wa buluu uliwakera waendao msikitini. Ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande ikaungua, zilikuwa zimelika. Mimi na mama tulipompelekea chakula, tulimkuta anasugua ringi mpya kwa tupa ili ncha zake zisigusane. Nikamcheka: oili inapita, naye anaongeza pengo!

"Chuma kikipata moto hutanuka," akasema. "Ncha zikibanana, ringi haina pa kwenda. Itakwama, itakwaruza silinda, na oili itapita zaidi. Huachiwa nafasi nyembamba kama ukucha, basi."

Mama alikuwa anapakua wali. Hata hakunitazama.

"Umesikia? Mpe mwenzio kitambulisho chake."

Nililia njia nzima, kwa hasira kuliko huzuni, lakini nilimpa. Mtaka yote hukosa yote. Alimkuta baba yake yu hai, akamuuguza, akamzika. Wiki nyingi nilikaa nikisikiliza mlango. Kisha jioni moja akaingia na kifurushi cha karafuu, akaketi, akaomba chai. Hodi hakupiga, wala hakuipiga tena hadi alipofariki.

Sasa nawe umeolewa, na nyumba ni yako. Mshike mumeo, usimbane. Mwachie nafasi ya kwao, hasa mambo yanapopata moto. Mwenyezi Mungu akujaalie mume anayerudi nyumbani bila kupiga hodi. Amina.