Waya wa Mwisho Pale Nshamba

Iko asubuhi moja ya masika ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo, mwanangu. Kwa kuwa umeniambia umepata leseni ya udereva, keti kidogo nikusimulie kabla hujashika usukani.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mimi nilikuwa binti ambaye hajaolewa, na nilikuwa nimekwenda Nshamba kwa dada yangu Adela kumsaidia, maana alikuwa anatarajia mtoto wake wa kwanza. Mumewe, Laurenti, alinunua kahawa vijijini na alikuwa na pikapu. Siku hizo mtu mwenye gari kwetu alijulikana mpaka Kimwani. Laurenti aliipenda pikapu yake kwelikweli. Kila Jumapili baada ya misa aliiosha mpaka watoto wakawa wanajitazama kwenye milango yake kama kiooni. Lakini boneti alikuwa haifungui. Ikitoa mlio asioujua, aliongeza mwendo. Hendeli ya kuiwashia kwa mkono ilipotea, akasema atatafuta nyingine, na maneno yakaishia hapo.

Adela alishikwa na uchungu alfajiri, mvua ikinyesha. Mkunga, Ma Paulina, alikaa naye chumbani muda mrefu, kisha akatoka akifuta mikono kwenye kanga.

“Waitu, bwana wangu Laurenti,” alisema, “mtoto anatanguliza makalio. Hili limenizidi. Mpeleke Bukoba hospitali, tena sasa hivi.”

Laurenti akakimbilia gari. Tukasikia likikohoa mara moja, kisha kimya. Betri ilikuwa imekufa. Wanaume wakajaribu kulisukuma, lakini lilikuwa limeelekea kibanjani, magurudumu yamezama kwenye tope chini ya migomba. Halikusogea. Ndani, dada yangu alikuwa anaita mama yetu, ambaye alikuwa amekwisha kufariki.

Ndipo likapita lori lililokuwa linapeleka kahawa bandarini Kemondo, njia ya Bukoba. Dereva wake aliitwa Bwana Salum, Mwislamu wa Bukoba mjini, mtu mzima mwenye maneno machache. Tuliposimama barabarani kumpungia, alisimama. Alipokwisha kuelezwa, alitaka kumchukua Adela papo hapo, lakini lori lilikuwa limejaa magunia mpaka juu, na mbele palikuwa na abiria wawili. Laurenti akamsihi: “Nipe moto tu kutoka betri yako. Gari langu ni jepesi, litafika upesi.”

Bwana Salum akakubali. Akasogeza lori karibu, akatoa nyaya zake nene, akafungua boneti ya pikapu. Nilikuwa nimesimama pale na mwavuli, nikaona alivyokunja uso. Vichwa vya betri vilikuwa vimefunikwa na ukungu mweupe kama chumvi, na alipofungua vizibo akakuta maji yamekauka kabisa.

“Hii betri haikutazamwa,” alisema. “Inahitaji maji kwanza. Nina chupa ya maji yake kwenye lori. Nanyi mnaovuta sigara, tokeni hapa. Laurenti, tupa hiyo. Na huu waya wa mwisho usiuguse, nitaufunga mwenyewe, kwenye chuma cha injini, mbali na betri.”

Ncha nyingine za nyaya alikuwa amekwisha kuzifunga; hiyo moja akaiacha ikining'inia, akaenda kuchukua chupa. Hakukawia, mwanangu. Ni umbali wa kwenda mlangoni na kurudi. Lakini Adela alipiga ukelele mmoja, na Laurenti hakuweza kuvumilia. Akainama sigara ikiwa mdomoni, akaushika ule waya, akaugusisha kwenye kichwa cha betri.

Mlio ule ulikuwa kama wa bunduki. Betri ilipasuka, tindikali ikamrukia usoni. Alianguka kwenye tope akijishika macho.

“Maji!” Bwana Salum alipaza sauti akirudi mbio. “Leteni maji mengi! Mshikeni mikono asijisugue!”

Chini ya bati palikuwa na pipa la maji ya mvua. Nilichota kwa sufuria nikammwagia, nikachota tena, Bwana Salum amemshika kichwa na kumfungua kope kwa vidole vyake. Tulimwagia mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Wakati huo wanaume walikuwa wanashusha magunia ya kahawa, wanayapanga barazani kwa Laurenti. Abiria wawili wakashuka wenyewe bila kuambiwa, Mungu awaweke pema. Adela tukamlaza nyuma kwenye mkeka na mablanketi, chini ya turubai, Ma Paulina na mimi pembeni yake. Laurenti akakaa mbele na kitambaa kilicholoa usoni.

Kabla ya kufika Kemondo mtoto alitoka. Alikuwa wa kike, na hakulia. Ma Paulina akampulizia, akamsugua mgongo, akasali kwa Kihaya. Sijui ilichukua muda gani. Kisha nikasikia kilio kidogo, chembamba, na dada yangu akafumba macho akaanza kulia naye.

Hospitalini walimwokoa Laurenti jicho moja. La kushoto lilikuwa limekwisha.

Kesho yake ndugu zake wakaja kutoka Muleba, wakiongozwa na kaka yake mkubwa, Karoli. Walimkuta Bwana Salum kwenye baraza ya hospitali, amekuja kutujulia hali na chupa ya uji.

“Ni wewe?” Karoli alimwuliza. “Wewe mtu wa mjini ndiye uliyeleta nyaya zako na kumpofusha mdogo wangu? Twende polisi.”

Bwana Salum hakujitetea. Alisema tu, “Twende, kama ndiyo itakayowatuliza.” Nilitaka kusema, lakini nilikuwa msichana mbele ya wanaume wenye hasira. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Laurenti, kitandani, dirisha likiwa wazi.

“Karoli, mwache. Aliniambia nitupe sigara, nikamsikia. Aliniambia nisiguse waya, nikamsikia vilevile, ila sikutii. Mtu huyu ndiye aliyeniachia jicho la kumwonea mwanangu.”

Karoli akampa Bwana Salum mikono yote miwili, akainamisha kichwa. Hakuna aliyetaja polisi tena.

Siku ile ndipo nilipomwuliza Bwana Salum habari za ule waya, naye akanieleza kwa subira. Baadaye niliolewa na dereva, nikayasikia hayohayo maisha yangu yote. Basi sikiliza, mwanangu. Fungua boneti kabla ya safari. Pima oili, tazama maji ya rejeta injini ikiwa imepoa, mafuta ya breki, na upepo wa magurudumu. Ukungu mweupe kwenye betri uondoe kwa maji ya moto yenye magadi. Betri iliyokauka au kupasuka usiipe moto hata kidogo, maana hutoa hewa inayolipuka. Kama haina kasoro hiyo, zima magari yote mawili, yasigusane, na hakikisha betri zote mbili ni za volti sawa. Moto wa aina yoyote ukae mbali. Kwa magari yenu ya sasa, waya mwekundu ufunge kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, ili cheche isiikute hewa ile. Washa lile zima, kisha jingine. Ukimaliza, fungua kwa kurudi nyuma, ukianza na ile ya mwisho. Tindikali ikikurukia, maji mengi, na hospitali.

Na mtu anayejua kazi akikwambia ngoja, ngoja, hata kama umpendaye analia chumbani. Hasa hapo.

Mungu akutangulie barabarani, mwanangu. Akupe macho yako yote mpaka uzee, na kila unayempakia umfikishe salama kwa watu wake. Amina.