Mokua Hakujua Njia

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa makaa ya moto kwa jirani wakati baba yangu alipotangaza kwamba tunahama. Ilikuwa miaka ya sitini, muda mfupi baada ya uhuru. Tulikaa karibu na Ogembo, kwenye shamba ambalo babu alikuwa amewagawia wanawe mpaka fungu letu likawa jembamba kama mshipi. Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imetususia. Wimbi letu la uji lilikauka likiwa changa, tukashindia majani ya maboga matupu, na katika njaa ile surua ilimchukua mdogo wangu Mokua. Alikuwa mtoto wa miaka minne. Tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba.

Kwa hiyo Baba aliposema amepata shamba huko juu, Borabu, kwenye ardhi waliyoiacha wazungu, tulimsikia kama mtu aliyetaja mbinguni. "Huko maziwa mtayakinai," alituambia. Mama alicheka, na hakuwa amecheka tangu mazishi. Mimi niliyatamani hayo maziwa mpaka nikayaota, sitajifanya.

Asiyefurahi alikuwa mama yake Baba, nyanya yetu, ambaye kwa Kikisii tulimwita Magokoro. Alikataa katakata kuhama. Asubuhi ya safari, lori likiwa limeshajaa vyungu, kuku na mablanketi, alimshika Baba mkono akamvuta kuelekea migombani.

"Mwambie mtoto mnakokwenda," alisema. "Mtajie njia yote. Asipoambiwa atawafuata hivyo hivyo, apotee. Na akichoka kupotea, atamwita mmoja wenu aende alipo."

Baba alikuwa Msabato haswa, mzee wa kanisa. "Mama, mtoto amelala mpaka siku ya ufufuo," alijibu kwa upole. "Hakuna anayetembea."

"Haya. Siku utakayomsikia akitembea, usije kuniuliza mimi."

Baba akapanda lori. Mama aliitazama ile migomba mpaka kona ikaificha. Mgongoni mwake alikuwa Moraa, kitinda mimba wetu, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kuunganisha maneno. Alilala safari nzima, hata tulipovuka daraja la mbao lililokuwa karibu na shamba letu jipya na lori likatetema hadi kuku wakapiga kelele.

Borabu ilikuwa baridi, na majirani walikuwa mbali. Huko Ogembo ungekohoa, jirani akakuuliza umepatwa na nini. Hapa ukungu ulishuka asubuhi ukakaa juu ya maua meupe ya pareto hadi karibu adhuhuri, na ndani yake kila sauti ilikuwa kama inatoka nyuma yako. Lakini maziwa yalikuwepo, hilo Baba hakutudanganya.

Asubuhi moja nilimkuta Moraa kizingitini, amenipa mgongo, anamega kiazi kilichochemshwa. Kipande kimoja alikula, kingine akakiweka chini, nje ya mlango.

"Hicho cha nani?" nikamuuliza.

"Cha Mokua."

Tangu tuhame hakuna aliyekuwa amelitamka jina lile. "Mokua yuko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye ukungu. "Ng'ambo. Daraja limevunjika. Analia."

Baada ya hapo hakutaka tena kula. Chochote alichopewa alikipeleka mlangoni, na homa ikampanda. Baba alimbeba hadi zahanati, upande wa kilimani, si wa mtoni, akarudi na vidonge. Vidonge havikusaidia kitu. Moraa alinyauka mbele ya macho yetu, na kila alipozinduka aliuangalia mlango na kusema, "Ananiita." Mama hakumlaumu Baba kwa neno hata moja. Alimtazama tu, na nadhani Baba angependelea matusi.

Sabato iliyofuata, Baba akiwa ameshavaa koti lake la kanisani, alifika ndugu yake mdogo kutoka Ogembo. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni.

"Daraja lenu limebebwa na maji," alisema, akijisogeza motoni. "Wanasema ni siku nyingi sasa. Kwani hamkujua?"

Hatukujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amerudi kule tangu lori litushushe. Baba aliweka chini kikombe chake cha uji. Alimtazama Moraa, akamtazama Mama, kisha akatoka. Njia ya kanisani ilipanda kilimani. Yeye aliteremka kuelekea mtoni.

Tulimngoja mlangoni, Mama na mimi. Alipojitokeza kwenye ukungu, kitu cha kwanza nilichokiona ni mwendo wake. Baba alikuwa mtu wa hatua ndefu, lakini siku ile alikuja pole pole, hatua fupi fupi, mkono wa kulia umeteremka kando, kiganja kimekunjwa kidogo. Kando yake hapakuwa na mtu. Alipofika kwenye mfereji alisimama, akainua ule mkono juu, kama unavyomvusha mtoto maji, kisha akaendelea. Alituona tukimtazama na hakuuondoa. Mama aliufungua mlango mpaka mwisho, akasogeza kigoda karibu na moto.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Ota moto."

Jioni ile Moraa aliomba uji, akaumaliza. Najua mtasema ni vile vidonge. Semeni. Mimi nilikuja kuwa mwalimu wa sayansi, na darasani ningesema hivyo hivyo.

Baba alibaki mzee wa kanisa hadi uzeeni na hakulitaja jambo lile tena. Sidhani imani yake ilibadilika. Nadhani alitupeleka kutafuta maisha, akagundua ameacha mtoto nyuma, akaenda kumchukua.

Moraa ni muuguzi huko Amerika sasa. Baba alipofariki, karatasi zake za kukaa kule hazikumruhusu kusafiri. Alinipigia simu baada ya mazishi, akalia sana, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kerubo, umemwelekeza ninapokaa?"

Kesho yake asubuhi nilikwenda kaburini peke yangu. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Niliona aibu kidogo, halafu nikaanza. Nilimweleza Baba juu ya uwanja wa ndege, bahari, mji wenye theluji, nyumba ya matofali yenye mlango wa kijani. Nikamwambia asiende na haraka, na amshike Mokua mkono, maana kule kuna baridi kuliko hapa.