Kilomita 231 za Odiel

Mkahawa wa Odiel Verstichel hauna jina, una namba: 231. Imepakwa rangi nyekundu juu ya mlango, imechapwa kwenye vikadi vya kuwekea glasi, na kijijini Wijmeersel hata yeye mwenyewe, mzee wa miaka sabini na moja, huitwa hivyo.

"Mbili-Tatu-Moja! Bia nne, na jibini yenye haradali!" alipaza sauti Marnix, mwenye bucha. "Na uangalie televisheni, bwana. Huyu mtoto anataka kukuibia."

Huyo mtoto alikuwa Eivind Tveitan, Mnorwei wa miaka ishirini na miwili. Alikuwa amechomoka kwenye kundi asubuhi, na sasa alikuwa amekwenda peke yake kilomita 198. Katika mbio hizi za baiskeli, Mzunguko wa Mito Mitatu, hakuna aliyewahi kukaa mbele peke yake kwa umbali mrefu kuliko Odiel: kilomita 231, miaka arobaini na saba iliyopita. Alikamatwa na kundi zikiwa zimebaki mita mia nne kufika mwisho.

Odiel alisuuza glasi ambayo tayari ilikuwa safi. Mkewe, Rozanne, alikuwa amemwambia mara nyingi: siku rekodi ikivunjwa tunauza mkahawa na kuhamia pwani kwa binti yetu. Alisema kama utani. Odiel hakulichukulia kama utani.

"Mia mbili na nane," alisema Marnix. "Choka basi, we kijiti!"

"Miguu kama ya korongo," alidakia mwingine. Mkahawa mzima ukacheka.

Wote waliijua hadithi. Mashindano ya mwaka ule yalipita Wijmeersel kwenye kilomita ya tisa, na kwa desturi ya waendesha baiskeli, mtu akikaribia kwao huruhusiwa kutangulia mbele ya kundi, akawabusu wazazi, kisha akangoja kundi limfikie. Odiel aliomba ruhusa, akapewa. Mama yake, wanasema, alimbusu, akampiga kofi la mgongo na kumwambia, "Nenda, mwanangu, usiwangoje!" Hadithi hiyo aliisimulia kwanza baba mkwe wa Odiel, kwa mwandishi wa gazeti. Odiel alikuwepo, akanyamaza.

Ukweli ni kwamba mlango wa mama ulikuwa umefungwa, na madirisha pia. Alikuwa amemwambia mwanawe kwamba akiliacha duka lao la mikate kwa ajili ya baiskeli, asipite kwake kutafuta busu. Odiel alidhani ni hasira tu. Alifika, kijiji kizima kiko barabarani kinapiga makofi, na mlango umefungwa. Hakuweza kusimama pale mbele ya watu wote. Akakanyaga pedali. Alikusudia kungoja nyuma ya kona. Kwenye kona palikuwa na watu pia. Baada ya hapo aliona aibu kungoja popote.

Kundi liliona limesalitiwa. Lilimwacha huko mbele siku nzima, makusudi, likamkamata pale ambapo pangemuuma zaidi. Msimu uliobaki hakuna aliyemsemesha, na mwaka uliofuata hakuna timu iliyomchukua. Mama yake aliletewa maua na kijiji kila mwaka, siku hiyo hiyo, hadi alipokufa. Aliyapokea. Si yeye wala mwanawe aliyewahi kuutaja ule mlango.

"Mia mbili ishirini na nne," alisema Rozanne, karibu na sikio lake. "Odiel, hiyo glasi umeisuuza mara tatu."

"Bado ina mafuta."

Zimebaki saba tu. Tveitan alikuwa ameinama, mdomo wazi, chumvi imekauka kwenye kaptura. *Kanyaga*, Odiel alisema kimoyomoyo. *Nitoe hapa.*

Kwenye kilomita 226 kijana aligusa sikio. Mtangazaji alieleza: bosi wa timu anazungumza naye kwa redio, keshokutwa kuna mbio nyingine, anamtaka atunze nguvu. Tveitan akatikisa kichwa, akanyooka, akaacha kukanyaga. Akafungua kifuko, akala ndizi, akangoja kundi.

Mkahawa ulilipuka. Marnix alipanda juu ya kiti. "Ndizi! Amekuogopa akala ndizi!"

Odiel alikuwa bado anamtazama kijana akitafuna. Hakuonekana na aibu hata kidogo.

"Hadithi! Hadithi!" Walimvuta kutoka nyuma ya kaunta hadi chini ya picha yake ya ujanani.

"Nilifika nyumbani," Odiel alisema. "Mlango ulikuwa umefungwa."

Marnix alishuka kwenye kiti.

"Enhe!" Marnix alidakia, macho yakimng'aa. "Mama alitaka kukutania! Hiyo hukuwahi kutuambia, mzee. Kisha akaufungua ghafla, pa!"

"Hakuufungua—"

"Hakuufungua kwa haraka! Alikungojesha!" Wakapiga meza, wakamalizia wote kwa pamoja, kama kila mara: "Nenda, mwanangu, usiwangoje!"

Rozanne peke yake hakuimba nao. Alikuwa anamtazama mumewe, trei mkononi.

"Odiel. Umesema mlango ulikuwaje?"

Marnix tayari alikuwa anamsimulia mtu wa meza ya pembeni habari ya mlango, na ilikuwa imeshaongezeka.

"Mlango? Nimeuliza nani anataka bia," alisema Odiel, akarudi nyuma ya kaunta.