Karatasi Iliyosema Kambu

Polisi wa trafiki alinisimamisha mjini Salama nikiwa na pikapu yenye tairi kipara, na kosa nilikuwa nalo. Lakini asubuhi hiyo aliwaandikia madereva wengi mashtaka, akachanganya mambo. Karatasi ya korti ilipotoka ilisema nilikuwa Kambu, mji mwingine kabisa, tena na lori. Jina tu ndilo lililokuwa sawa.

Na jina hilo halikuwa langu peke yangu. Kwetu Ukambani kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo mimi na mwana wa baba mkubwa tuliitwa jina moja. Yeye alikuwa dereva wa lori. Miezi mitatu kabla ya hapo lori lake lilishika moto barabara ya Mombasa, na jeneza likaja nyumbani, kijiji cha Kwa Vonza, limepigwa misumari. Wazee walikataa lifunguliwe. Mama yake, yaani mama mkubwa wangu, hakumwona.

Askari wa chifu, mgeni kwetu, alitumwa kuleta karatasi. Akauliza njiani nyumbani kwa dereva wa jina hilo, akaonyeshwa kwa mama mkubwa. Akamsomea pale pale uani: mwanao alisimamishwa Kambu wiki iliyopita akiendesha lori, anatakiwa kortini. Mungu wangu! Nilipofika nilikuta godoro la marehemu limeanikwa juani na shati zake zimefuliwa.

"Mama, ni mimi nilishikwa," nikamwambia.

"Wapi?"

"Salama."

"Na gari gani?"

"Pikapu."

"Hii inasema Kambu. Inasema lori." Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia. "Usinichezee, mwanangu."

Nilikasirika, siwafichi. Nilimkasirikia polisi, nikamkasirikia yule askari, hata mama mkubwa mwenyewe. Labda ni kwa sababu pale uani, kwa dakika moja, nami nilijiuliza ni nani hasa alimwona aliyekuwa ndani ya jeneza lile.

Siku ya korti alivaa nguo zake za kanisani, tukaenda pamoja. Karani wa korti alisoma karatasi, akacheka.

"Bwana, hii ni bure kabisa. Wewe kana tu. Sema hukuwa Kambu na huna lori, utaenda nyumbani saa hii."

Ilikuwa kweli tupu, na leseni yangu ndiyo iliyolisha watu wangu. Lakini nikikana, basi kuna mtu mwingine wa jina letu aliyekuwa Kambu na lori, na mama mkubwa angemngoja mpaka kufa kwake.

Jina likaitwa. Mama mkubwa akainuka upesi, akageuka kutazama mlango. Mimi nikaenda kizimbani.

Hakimu alinisomea yote: Kambu, lori, tairi. "Ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli," nikasema kwa sauti, ili asikie. "Ni mimi. Nilikuwa Kambu, na lilikuwa lori."

Leseni yangu ilizuiwa mwaka mzima. Mama mkubwa alibaki amesimama, macho mlangoni, mpaka kesi mbili zingine zikaitwa. Kisha akakaa, akajifunika uso kwa leso, akamlilia mwanawe kwa mara ya kwanza. Askari wa korti alikuja kumtoa nje, nikamwomba amwache.