Sahani za Mama Estha

Ipo Ramadhani moja naikumbuka hadi leo, mwanangu. Wewe unayetaka kufungua duka unaniuliza mtaji, mimi nakurudisha Ngamiani, nikiwa bado bibi harusi kwa mama mkwe wangu, Bi Mwanahamisi. Shule niliishia la pili, kwa hiyo nivumilie nikizunguka.

Mtaani kwetu alihamia mjane, Mama Estha, Mlutheri kutoka Amani, kule milimani. Aliteremka na wanawe na magunia ya viungo: iliki, mdalasini, pilipili manga. Akavipanga kibarazani auze. Sasa Ramadhani kule, jioni sahani zinapishana njiani. Huyu kapeleka tambi, yule kaleta mihogo ya nazi. Mama Estha naye tukampelekea, Mkristo au si Mkristo. Siku hizi mnapelekeana picha za futari kwenye simu, sijui nani anashiba. Haya, nirudi.

Sahani ikarudi imeng'aa, lakini tupu. Ya pili, tupu. Wanawake tukaanza.

"Yule anaringa. Mihogo yetu kaiona si chakula."

"Labda anadhani tuna mgahawa!"

Viungo vyake tukavisusa. Vingine tukavifuata sokoni, juani, na swaumu zetu. Iliki zikapauka pale kibarazani. Yule mama akaanza kufunga mizigo arudi mlimani, na huko shamba la marehemu mumewe shemeji zake walishalichukua.

Bi Mwanahamisi akatukuta tunamcheka. "Kuna aliyemfundisha? Haya, akiondoka, wanawe watakula hicho kicheko?"

Akanishika mkono mpaka kwa Mama Estha.

"Shikamoo, mama," akasema yule mjane.

"Marahaba, mwanangu. Huku kwetu sahani ya jirani haturudishi tupu. Hata chumvi, unatia."

Mama Estha akashika kichwa. "Jamani! Kwetu aibu ni kurudisha chombo kichafu. Mimi nasugua kwa jivu mpaka naona uso wangu! Sasa nitie nini, mama? Mapishi yenu siyawezi."

"Kwani hizo iliki zina kosa gani?"

Tukacheka sote. Jioni ile sahani zikarudi na mdalasini na iliki, mtaa mzima ukanukia chai. Kufika sikukuu, wanawake wanagombea kibarazani kwake: "Nipimie mimi kwanza, nina pilau jikoni!" Mizigo ikafunguliwa.

Basi, mwanangu, kabla hujapanga bidhaa, jifunze watu wa pale wanapeana vipi, wanasalimiana vipi, wanazikana vipi. Kukiwa na shughuli, nenda ukakae nao, hata kama hununui wala huuzi. Na akija mgeni jirani na duka lako akakosea, mwambie mapema, kwa upole. Usimngoje aanguke ndipo umcheke.

Nenda. Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali, akupe majirani wanaokuita kwa jina lako, na siku usipofungua mlango, wawe wa kwanza kuja kukugongea. Amin.